Samaki wa Kurudishwa

Wiki iliyopita nilisimama katikati ya soko la Manundu kama mtu aliyesahau alichotumwa. Mama mmoja muuza samaki alikuwa anamwaga kwenye mtaro kamba waliokwisha kuharibika, wale waliolala siku mbili bila barafu, na harufu ikanijia usoni. Wanunuzi wengine waliziba pua wakapita. Binti yangu alinivuta mkono, akasema, Mama twende, kunanuka. Mimi nilibaki pale nikivuta pumzi kama mtu aliyewekewa ubani. Kwa wengine ile ni harufu ya kuoza. Kwangu mimi ni mikono ya mama yangu Jumamosi mchana, akitoka kazini. Mama tumemzika masika yaliyopita, na tangu siku ile sijui lini machozi yatanijia. Msibani sikulia vizuri, nikaja kulia mbele ya ndoo ya kamba waliooza. Basi nikaona heri niiandike hadithi hii, maana wanaoijua tumebaki mimi na baba, na baba si mtu wa kusimulia.

Mama yangu alikuwa mwongoza wageni wa kuvua samaki. Najua mnacheka. Sisi tuliokulia Hale tulijua kazi za wanawake: kulima mahindi, kuchuma machungwa, kuuza maandazi karibu na nyumba za wafanyakazi wa umeme, na wachache waliosoma walikuwa walimu au wauguzi. Mwanamke kupanda boti na wageni kuwaonyesha samaki walipo, hiyo kazi hatukuwa hata na jina lake. Watoto wenzangu wakiniuliza mama yako anafanya nini, nilikuwa nasema ni nesi.

Mama alizaliwa kule mto wetu unakoishia, kwenye vijito vya maji ya chumvi vilivyozungukwa na mikoko. Utoto wake wote aliumaliza kwenye tope akiokota chaza na kaa, na akavijua vile vijito kimoja kimoja, kipi kina kina, kipi kinakudanganya. Baba alimpata huko alipokwenda kuuza machungwa, akamleta Hale, na kwa miaka kumi Mama akawa mkulima kama wengine. Ndipo kule kwao ikafunguliwa kambi ya wageni wanaopenda kuvua kwa fimbo. Wakatafuta mtu anayevijua vijito vya ndani, na mjomba wangu akasema wanaume wote hapa wanaijua bahari, lakini anayeijua mikoko ni dada yangu na yuko Hale. Simu ya kambi ilikuja kwenye kisimu cha baba, kile chenye tochi. Baba alisikiliza, akampa Mama, akatoka nje kumwagilia miche ya michungwa ambayo tayari alikuwa ameimwagilia.

Basi wageni wakiwepo, Mama aliondoka Alhamisi alfajiri na kurudi Jumamosi. Alirudi na sukari, sabuni, mara nyingine daftari zangu za shule. Alirudi na ile harufu ya kamba, kwa sababu ndio waliokuwa chambo, na hata akinawa kwa ndimu haikutoka. Kitu kimoja tu hakurudi nacho. Hakurudi na samaki.

Hapo ndipo balaa lilipokaa. Kwetu mtu akienda mtoni kuvua, hata kama kapata perege wawili wa kidole, anarudi nao wananing'inia kwenye ukambaa wa mkonge ili watu wawaone njiani. Akipita mikono mitupu lazima atoe maelezo. Na nyumbani kwetu kulikuwa na utaratibu kwamba samaki akiingia jikoni, kichwa ni cha Bibi, mama yake baba, aliyekuwa akiishi nasi. Hakuna aliyewahi kuuliza kwa nini. Kichwa kilikwenda kwake kwenye bakuli la bati lenye maua mekundu, naye akakinyonya mpaka mifupa ikawa myeupe.

Mama alieleza. Alieleza kwa upole, tena mara nyingi, kwamba wale wageni wanavua kisha wanamrudisha samaki majini, kwamba ndiyo sheria ya kambi, na mwongoza wageni akichukua hata mmoja kazi imekwisha. Zamani waongozaji walikuwa wakiwabeba samaki wakawauze, vijito vikaanza kuwa vitupu, wageni wakalalamika. Bibi alimsikiliza huku akichambua mchicha. Halafu akaanza kusema Kizigua na baba, na Bibi akisema Kizigua mbele ya Mama ilikuwa makusudi, kwa sababu Mama miaka yote ile alikijua cha salamu tu. Mimi nilikielewa. Alikuwa anamuuliza mwanawe: mtu mzima mwenye akili zake atoke kwake, apande gari, alipe, avue samaki siku nzima, halafu amrudishe? Wewe unaamini hilo?

Baba hakujibu. Nampenda baba yangu, lakini hapo aliniudhi, na ananiudhi mpaka leo nikikumbuka.

Majirani nao hawakuwa nyuma. Alikuwepo Mama Saidi, nyumba ya tatu kutoka kwetu, mwanamke mcheshi lakini ulimi wake hauna kufuli. Pale bombani kila akimwona Mama alimuuliza kwa sauti ya kusikika na wote, vipi, wale samaki wa kurudishwa hawajambo? Wenzake wanaangua kicheko. Mama anatabasamu, anakinga maji yake, anaondoka. Nilikuwa nadhani Mama hajali. Siku moja nilimfuata nyuma nikamwona amesimama kwenye kona ya migomba, ndoo kichwani, hatembei, amesimama tu.

Likizo moja ya shule mambo yakafika shingoni. Bibi alimwambia baba waziwazi, safari hii kwa Kiswahili ili Mama asikie, kwamba yeye hawezi kufa akiona mwanawe anachekwa. Ama mkewe aache hizo safari, ama arudi kwao akakae huko huko na boti zake. Baba akasema neno moja la maana alilosema mwaka ule: Hawa aende na mama yake. Hawa ni mimi. Nilikuwa na miaka tisa. Akasema mtoto hajui kuficha, akirudi atasema alichokiona, na maneno yaishie hapo. Bibi akakubali. Mama akasema sawa, akaenda kunifulia gauni.

Jioni yake Bibi aliniita, akanikalisha karibu akinisuka. Akaniambia, "Wewe ndiye macho yangu. Nataka nijue huko kuna samaki au hakuna."

Sasa nawaomba mnielewe, nilikuwa mtoto. Nilikuwa nimeona ugomvi wote ule unazunguka samaki, samaki, samaki. Nilikuwa nimeona bakuli la maua mekundu limekaa rafuni miezi bila kazi. Nikaelewa kwamba Bibi ana hasira kwa sababu Mama anamnyima kichwa chake. Hayo ya heshima, ya mwanamke mwenye mume kulala safarini, ya watu kusema, sikuyajua hata harufu. Nilidhani kikiingia kichwa kimoja tu kwenye lile bakuli, Mama atabaki nyumbani na tutaishi kwa amani. Nililala nikiwa na furaha, kwa sababu niliona jambo lenyewe ni rahisi na wakubwa wanalikuza bure.

Tulipanda basi mpaka Muheza, tukachukua gari la pili kwenda chini pwani. Nakumbuka nilionja maji ya kule nikayatema, nikamuuliza Mama nani kayatia chumvi. Nakumbuka tope, jeusi, linanuka yai viza, linameza mguu mpaka gotini halafu linakataa kuurudisha. Kaa wadogo walikuwa wamejipanga pembeni, kila mmoja ana gando moja jekundu analipunga hewani, nikadhani wananisalimia, nikawapungia. Na maji yenyewe yalinitisha. Sisi wa Hale maji yetu yana njia moja. Mtambo wa umeme ukifungulia yanapanda, ukifunga yanashuka, lakini siku zote yanakwenda chini. Kule niliona asubuhi maji yanaelekea baharini, na mchana yaleyale yamegeuka yanarudi juu, yamebeba majani na povu, hayana haraka. Nilimshika Mama nguo. Akaniambia usiogope, yanajaa tu, kesho utayazoea.

Mgeni alikuwa mmoja, mzee wa Moshi, daktari mstaafu, mikono inamtetemeka kidogo. Nilimwamkia shikamoo akaitikia marahaba kwa sauti nzito, akauliza kama huyu ndiye msaidizi wetu leo. Msimamizi wa kambi, kijana mrefu mwenye daftari, aliruhusu niingie botini kwa sharti nikae mbele na nisiguse kitu.

Na hapo nikamwona mama yangu kwa mara ya kwanza. Hamtanielewa labda. Nyumbani Mama alikuwa mtu wa kusema chinichini, wa kupisha mlangoni, wa kula mwisho. Kule alisimama nyuma ya boti na upondo mrefu mikononi, khanga ameifunga kifuani, anaisukuma ile boti kati ya mikoko bila hata kugusa mzizi. Akaacha kusukuma, akatazama maji muda, halafu akasema, "Mzee, naomba uketi. Usirushe bado. Pale kwenye kivuli, mbele ya ule mzizi uliopinda. Sasa." Na mzee mzima, daktari, aliketi alipoambiwa akae na akarusha alipoambiwa arushe. Nilijisikia fahari mpaka masikio yakawa ya moto. Nilitamani Mama Saidi awepo.

Fimbo ikajikunja. Mzee akapiga kelele ya furaha kama mtoto, akakunja uzi, akapumzika, akakunja, na Mama akawa anampa moyo polepole, usimvute, mwache achoke, hapo hapo. Akatoka kolekole mkubwa, wa fedha, mpana kama sinia. Mimi nilishapika pilau kichwani. Nilikiona kichwa kile kimejaza bakuli na kupita.

Mama alipiga magoti, akaloweka mikono kwanza, akamchomoa ndoana. Akamrudisha majini akiwa amemshika, mkono mmoja mkiani na mwingine chini ya tumbo, kichwa akakielekeza kule maji yanakotoka. Akamsogeza mbele, nyuma, taratibu, kama anayembembeleza mtoto. Nikauliza anafanya nini. Akasema anamngoja apate pumzi. Halafu samaki akatikisa mkia mara moja, Mama akafungua mikono, kolekole akaenda zake. Yule mzee akavua kofia.

Kwa hiyo ilikuwa kweli. Kila neno alilosema Mama jikoni lilikuwa kweli. Mtoto mwenye akili angefurahi, angerudi kusema Bibi nimeona. Mimi nilipandwa na hasira. Nilimuuliza yule mzee, tena bila adabu, kwa nini anamtupa samaki mzuri namna ile. Mama akanikazia macho, lakini mzee akacheka. Akasema, "Mjukuu wangu, samaki nimekula maisha yangu yote. Sasa hivi nakuja kuwasalimia tu." Nilifikiri huyu babu kichwa chake si kizima. Na nikajua wazi kabisa kwamba nikienda kumwambia Bibi maneno kama hayo, Mama hatabaki Hale hata wiki.

Wa pili naye alirudishwa vilevile. Wa tatu alikuwa mdogo, wa kiganja na nusu. Mama alimtia kwenye ndoo ya maji kwanza, kwa kuwa uzi wa mzee ulikuwa umejinasa kwenye mizizi na maji yalishaanza kupungua. Akashuka kwenye tope kuunasua. Mzee akainama upande ule kumwangalia. Mimi nilikuwa na kikapu changu cha ukili, ndani yake khanga na maandazi. Sikufikiri hata kidogo. Nilimshika samaki kwa khanga, nikamtia kikapuni, nikakikalia.

Mnajua samaki hafi haraka. Alipiga ule mkia chini yangu, pu, pu, pu, na mimi nikawa nakohoa kuficha sauti. Nilikohoa mpaka mzee akanipa maji yake. Nilimsikia samaki akipungua nguvu kidogo kidogo, pigo moja, halafu kimya kirefu, halafu jingine. Nilikuwa nasema moyoni kufa basi, kufa haraka. Sijasahau. Nina watoto watatu na nimewazaa kwa uchungu, lakini nikiulizwa siku ndefu kuliko zote, nitaitaja ile.

Mama alipanda, miguu imejaa tope, akaitazama ndoo. Akauliza yule mdogo yuko wapi. Nikasema nimemrudisha. Akauliza kama nilimwelekeza kichwa kwenye maji. Nikasema ndiyo. Mama akanipapasa kichwa kwa mkono wake wa kamba, akamwambia mzee, "Unaona? Amejifunza mara moja tu."

Sasa sikujua, na ningejuaje, kwamba pale gatini palikuwa na utaratibu wao. Boti ikifika, kila mwongozaji anakung'uta kapu lake mbele ya msimamizi. Mama hakuwahi kutuambia, nadhani aliona aibu. Alikung'uta kapu lake huku akiongea na mzee, akiwa amezoea: kisu, kibuyu cha maji, ndimu. Akachukua na kikapu changu kwa haraka ileile, akakigeuza. Likaanguka andazi, ikaanguka khanga iliyolowa, na kutoka kwenye khanga akateleza yule samaki, macho yamefunguka.

 Mama alinitazama. Sijui alisoma nini usoni kwangu, lakini nililiona jambo lote linampita machoni, kuanzia jikoni kwetu mpaka pale. Halafu akamgeukia msimamizi akasema, "Ni mimi. Mtoto hahusiki."

Yule mzee alijaribu. Alisema aliona kila kitu, ingawa alikuwa amenipa mgongo, mtoto kafanya utoto, yeye mwenyewe mgeni hana malalamiko. Msimamizi hakuwa mtu mbaya, sura yake ilionyesha anaumia, lakini alisema waliofukuzwa kabla yake walifukuzwa kwa mmoja tu, na Mama amekiri mwenyewe mbele ya watu. Mama hakubisha. Kama angesema ni mtoto, labda angebaki na kazi, na mimi ningekuwa mwizi mbele ya kambi nzima. Alichagua pale pale, bila kumeza mate. Mzee akasema basi angalau wapewe huyo samaki, ameshakufa, hata mkimrudisha hana faida na maji. Akamfunga mwenyewe kwenye gazeti, akanipa.

Njia nzima Mama hakunigombeza. Heri angenichapa. Pale Muheza tulipokuwa tunangoja gari alininunulia chungwa, akanimenyea, akasema kula. Nikamwambia nilitaka Bibi apate kichwa. Akasema najua, mwanangu. Halafu akageukia upande mwingine, mabega yakamtikisika kidogo, na sikujua kama anacheka au analia. Leo nadhani vyote viwili.

Tulifika Hale jua bado liko juu. Bibi alikuwa barazani. Aliuona ule mfuko wa gazeti, akainuka mwenyewe kuupokea, jambo ambalo hakuwa akilifanya. Alimfungua, akamgeuza, akamfungua mashavu kuona kama ni mpya. Alinong'ona alhamdulillahi. Mama akampara, akampika kwa nazi, na ingawa alikuwa mdogo wa kutosha mtu mmoja, kichwa kilikwenda kwenye bakuli lake. Baba alikula akiwa amenyoosha mgongo kwa mara ya kwanza miezi mingi. Mimi nilipata kipande cha mkiani. Alikuwa mtamu, na hilo ndilo linaloniudhi.

Bibi akamwambia baba, "Basi. Roho yangu imetulia." Baba, kwa furaha, akamuuliza Mama safari nyingine ni lini. Mama akasema hakuna safari nyingine. Akaondoa sahani.

Hapo mimi nilipasuka. Nililia nikisema kila kitu, kolekole mkubwa aliyerudishwa, wa pili aliyerudishwa, ndoo, kikapu, kukohoa, kukung'uta, ni mimi, sio Mama, ni mimi. Bibi alikuwa na mfupa mdomoni. Aliutoa akauweka pembeni ya bakuli. Hakula tena.

Nilidhani amekasirika. Halafu alimwita Mama arudi aketi. Akasema maneno ambayo hata baba hakuwahi kuyasikia, nilimwona anavyoinua kichwa. "Baba yenu alikuwa akienda kuvua. Kila wiki. Anatoka na ndoana asubuhi, anarudi jioni hana hata kambale, nami nampa pole. Miaka minne nilimpa pole. Kumbe alikuwa na mke mwingine kule Ngombezi na watoto wawili." Akafuta mikono kwenye khanga. "Wewe hujanikosea kitu, Mama Hawa. Nilikuwa nagombana na marehemu."

Mama alilia. Na Bibi, ambaye sikuwahi kumwona akigusa mtu isipokuwa kusuka nywele, akamshika goti.

Keshokutwa yake Bibi alivaa baibui lake la sikukuu akasema twende. Baba alimwambia ni mbali, mama, miguu yako. Akajibu kwamba mdomo wake ndio uliomtuma mtoto, miguu itaufuata. Tulikwenda watatu, Bibi, Mama na mimi. Msimamizi alisimama kumwamkia, akampa kiti, akaagiza chai. Bibi hakuigusa ile chai mpaka aliposema lake. Alisema, "Mwizi wa yule samaki ni mimi. Mikono ya mtoto, lakini tumbo lilikuwa langu. Mrudishe mkwe wangu kazini, mimi ndiye umfukuze."

Yule kijana alijifuta uso. Alisema amemwelewa, na angekuwa na uwezo angefanya, lakini mwenye kambi ameshapata habari na nafasi imeshachukuliwa na mtu mwingine. Akisamehe mmoja wengine watasemaje. Atapiga simu ikitokea nafasi. Bibi akamshukuru, akanywa chai yake yote kwa heshima.

Kabla ya kuondoka akaomba aonyeshwe vile vijito. Mama akampeleka gatini, na maji yalikuwa yamekupwa. Palikuwa na tope tu, mpaka macho yanapoishia, na mizizi, na boti zimelala ubavu. Bibi akauliza maji yako wapi. Mama akasema yameondoka, yatarudi alasiri. Bibi akauliza yanarudi yenyewe? Mama akasema yenyewe. Gari la mwisho la Muheza lilikuwa linapiga honi, hatukuweza kungoja. Bibi alisimama akilitazama lile tope muda mrefu kidogo, kisha akageuka. Samaki hakumwona hata mmoja. Hata dagaa.

Simu haikuja. Mama alirudi kwenye mahindi na machungwa. Miezi ya kwanza kila simu ya baba ikilia aliacha anachofanya, asiulize, aache tu kwa muda, halafu aendelee. Hakuwahi kunilaumu, si siku ile, si nilipokuwa msichana mkaidi, si hata nilipokuwa mtu mzima nikamwomba msamaha. Alisema aliwaona samaki wa kutosha. Mimi najua hakutosheka. Nilimnyang'anya mama yangu mahali pekee alipokuwa akisema kitu na watu wakatii, na nilifanya hivyo kwa kumpenda. Nimejaribu kutafuta namna nyingine ya kulisema, sijaipata.

Ila kuna jambo la bombani. Ilikuwa asubuhi, foleni ndefu, mimi na Mama na ndoo zetu, na Bibi alikuwa ametusindikiza kwa sababu zake mwenyewe. Mama Saidi akamwona Mama, akavuta pumzi ya kuanza. Akasema naona siku hizi huendi, au wale samaki wa kurudishwa wamechoka kurudi? Watu wakaanza kucheka.

Bibi akaweka fimbo yake mbele. Akasema, si kwa sauti kubwa, lakini kila mtu alisikia, "Nimewaona. Kwa macho yangu haya. Nilikwenda." Akanyoosha mkono, akaonyesha kutoka ncha za vidole mpaka kiwikoni, akafikiri, akapandisha mpaka begani. "Anamvua, anamshika mkia, anamngoja apumue, anamwacha. Mkwe wangu ndiye anayewajua. Wengine wote wanarusha tu."

Kicheko kilikatika. Mama Saidi hakuwa mjinga, alimjua Bibi kwa ibada zake, ni mtu asiyeapa hovyo. Basi akanigeukia mimi, kwa sababu kila mtu alijua mtoto hajui kuficha. "Hawa, wewe ulikuwepo. Kweli Bibi yako aliwaona?"

Watu wote wa foleni wakanitazama. Maji yalikuwa yanafurika kwenye ndoo ya mtu na hakuna aliyeyafunga. Bibi alitazama mbele, hakunikonyeza, hakunisaidia. Mama alikuwa ameinamisha uso.

"Aliwaona," nikasema. "Mmoja alimrudisha mwenyewe."